Mdakaji

Natoza kwa ukurasa. Kibanda changu kiko chini ya ngazi,
nyuma ya posta ya Ulaanbaatar, kati ya fundi saa
na mama anayeuza soksi za manyoya ya ngamia.
Nina mashine ya nakala, birika, na muhuri wa mfasiri.
Watu huniletea vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka.
Mimi navusha maneno. Kuvuka kwenyewe shauri yao.

Januari walikuja wawili, wananuka moshi wa makaa:
Oyuungerel, anayeruka, na Gombosuren, anayedaka.
Miaka kumi na mmoja kwenye bembea moja,
na sasa sarakasi ya Tulsa, Marekani, inawataka
kwa msimu mmoja tu, miezi minane,
mshahara kila Ijumaa, kitanda ndani ya trela.
Fomu ilidai ushahidi wa "kipaji kisicho cha kawaida".

Tukamwaga magazeti mezani.
Hapa Oyuungerel yuko hewani kama mkasi uliofunguka.
Hapa anacheka, taji la shanga, meno yote nje.
Hapa Irkutsk, hapa Busan, hapa amebebwa na umati.
Na Gombosuren?
Nilimtafuta kwa miwani, kisha kwa lenzi.
Pembeni mwa kila picha, pale mhariri alipokata,
viganja viwili, vyeupe kwa chaki,
vinatokea pasipojulikana, vinangoja.
"Ndiyo mimi huyo," akasema, bila kinyongo,
kama mtu anayeonyesha kwao kwenye ramani.

Nikatafsiri. Kurasa arobaini na mbili.
Penye kazi yake niliandika neno la kwanza lililonijia,
lile lile ambalo Wamarekani humpa
mtu anayechuchumaa na glavu nyuma ya mpiga mpira.
Lilikuwa sahihi. Kamusi haina la kunilaumu.

Ubalozini, nyuma ya kioo, bwana mwenye tai
alimuuliza Oyuungerel maswali tisa,
mpaka na ndoto zake za utotoni.
Kisha akamgeukia mwenzake kwa moja:
"Na wewe, hasa, hufanya nini?"
"Naning'inia kichwa chini. Namngoja."
"Halafu?"
"Anakuja."

Pasipoti ya Oyuungerel ilirudi na viza inayometa
kama gamba la samaki.
Ya Gombosuren ilirudi na barua ya mistari minne:
haikuthibitika kwamba kazi hii
haiwezi kufanywa na mtu aliyeko huko.

Kusema kweli, inaweza. Tulsa ina mikono.
Machi alidakwa na kijana mmoja mwenye mabega kama lango,
na usiku akanipigia simu mimi, sijui kwa nini mimi:
"Ananidaka vizuri. Ila anadaka mapema.
Ile nusu pumzi niliyokuwa nayo kule juu,
si ya bembea, si ya mtu,
hiyo sinayo tena."
Nikamwambia huku theluji bado. Nilikosa la kusema.

Gombosuren sasa anabeba mazulia soko la Narantuul.
Juzi alikuja na fomu ya msimu ujao, imekunjwa mara nane.
Hakuniuliza kitu. Alifungua mfuniko wa mashine,
akalaza mikono juu ya kioo:
sugu, vidole viwili vilivyovunjika vikaunga upande,
na katikati ya kila kiganja, mfereji
uliochimbwa na kifundo cha mtu mwingine.
Taa ikapita chini yake, kijani, taratibu.

"Hii nayo ni ushahidi?"

Sheria yao siijui. Yangu naijua.
Niligonga muhuri: "Nakala ni sawa na asili."
Nikatia sahihi na tarehe.
Akalipa ukurasa mmoja, akahesabu chenji,
akavaa glavu zake, akatoka.